Kabla ya Kuomba Chuo Vermont, Lijue Kwanza Jimbo Lenyewe

Vijana wanaotafuta nafasi ya kusoma Marekani hunitumia ujumbe wakiniuliza hadhi ya chuo hiki au kile cha Vermont, jimbo nililosomea shahada ya uzamili, na mimi huwajibu kwa kuwauliza wanalijua nini jimbo lenyewe. Anayesoma Texas au California, chuo kikimchosha, anaweza kuponea kwenye jiji kubwa lililo jirani. Katika jimbo dogo chuo, mji, basi, kazi na hata duka la kununulia unga vimefungamana, na ukichagua kimoja umevichagua vyote.

Vermont ina eneo la takriban kilomita za mraba 24,900, yaani ni ndogo kidogo kuliko Rwanda, na ina milima kama Rwanda, lakini sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 643,077 tu. Burlington, mji wake mkubwa kuliko yote, una watu wasiofika 45,000. Montpelier, makao makuu ya Vermont, una watu wapatao 8,000, nao ni mdogo kuliko makao makuu ya jimbo lingine lolote la Marekani. Mtu wa Morogoro kama mimi, aliyezoea kuonekana wa mkoani kila akifika Dar es Salaam, anatua Burlington na kukuta kwamba kumbe yeye ndiye wa mjini.

Udogo huo ndio unaoeleza jambo ambalo vipeperushi vya udahili haviligusi, nalo ni kwamba vyuo vya jimbo hili vinaweza kufa. Mwaka 2019 pekee vilifungwa Green Mountain College, Southern Vermont College na College of St. Joseph, Marlboro College ikafuata mwaka 2020, na Goddard College mwaka 2024. Upande wa umma, Castleton, Northern Vermont University na Vermont Technical College viliunganishwa mwaka 2023 kuwa Vermont State University. Sababu haina fumbo: wakazi wa Vermont ni wenye umri mkubwa kuliko wa majimbo mengi, wanaomaliza sekondari wanapungua, na chuo kidogo kisicho na mfuko mkubwa wa akiba huishi kwa ada ya wanafunzi wa mwaka husika. Mwanafunzi Mmarekani chuo chake kikifungwa hupoteza muda na fedha. Wewe mwenye viza ya masomo ya F-1 unaongezewa mzigo wa pili, kwa kuwa haki yako ya kuwapo nchini imeshikamana na chuo kilichokudahili, na ni lazima uhamie kingine kwa kufuata taratibu au uondoke.

Kwa hiyo, kabla ya kupenda picha za majani mekundu ya Oktoba, tafuta idadi ya wanafunzi wa chuo hicho kwa miaka mitano iliyopita, uone kama inapanda au inashuka. Kisha angalia orodha ya tume inayotoa ithibati kwa vyuo vya New England, yaani ukanda wa kaskazini-mashariki mwa Marekani ilipo Vermont; tume hiyo ni New England Commission of Higher Education, ambayo hutangaza hadharani hali ya kila chuo kilicho chini yake. Chuo Kikuu cha Vermont kilichopo Burlington, kilichoanzishwa mwaka 1791, na Middlebury College, iliyoanzishwa mwaka 1800, havina wasiwasi wa aina hiyo. Middlebury ndiyo iliyompa Alexander Twilight shahada mwaka 1823, naye anatajwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu shahada ya kwanza katika chuo cha Marekani. Kuingia pale leo kuna ushindani mkali, lakini huwezi kujua usipoomba.

Njia bora ya kulijua jimbo ukiwa mbali ni kusoma habari zake za kila siku. VTDigger, chombo cha habari cha mtandaoni kilichoanzishwa mwaka 2009, kinasomwa bure. Kifuatilie kwa mwezi mmoja na utajua mambo ambayo ofisi ya udahili haitakuambia: mafuriko yaliyoikumba Montpelier Julai 2023, uhaba wa nyumba, mabishano ya kodi ya shule. Ukiwa huko tayari, nenda ukakae nyuma ya ukumbi siku ya mkutano wa mji, ambao kwa desturi hufanyika Jumanne ya kwanza ya Machi. Utawaona wakazi, wengine wamevaa mabuti yenye tope na wengine wakifuma sweta, wakijadili kifungu kwa kifungu kama mji ununue greda jipya, kisha wakipiga kura kwa kusema ndiyo au hapana. Nilijifunza mengi kuhusu Wamarekani katika ukumbi ule kuliko katika semina zetu nyingi.

Baridi utaizoea ukivaa vizuri. Kinachowaelemea wengi ni giza, kwa sababu mwezi Desemba jua huzama Burlington mnamo saa kumi na robo jioni. Usafiri ni tatizo kubwa zaidi. Nje ya Burlington na viunga vyake mabasi ni machache, zaidi ya nusu ya barabara za jimbo hazina lami, na theluji inapoyeyuka kati ya Machi na Aprili barabara hizo hugeuka matope ambayo hata wenyeji huyaogopa. Chuo kikiwa kijijini na huna gari, uliza nani atakupeleka hospitali au dukani, na usikubali jibu la jumla.

Takriban watu tisa kati ya kumi katika jimbo hili ni weupe, na ni vizuri kulijua hilo mapema. Hata hivyo Burlington na mji mdogo wa Winooski, unaopakana nao, zimepokea wakimbizi kwa miaka mingi, wakiwamo Wakongo, Warundi na Wasomali. Katika basi la kwenda Winooski nimewahi kusikia akina mama wakisemeshana Kiswahili cha Kivu, na mmoja, nilipomwamkia, akaniuliza kama nimeshakula kabla hata ya kuniuliza jina. Katika maduka ya huko unga wa muhogo na dagaa vinapatikana. Ukienda Bennington, kusini kabisa, hayo usiyategemee.

Kuhusu kazi, viza ya F-1 inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula, na chuo kidogo kina nafasi chache, kwa hiyo ziulizie mara tu unapopata barua ya udahili. Anayekwenda kusoma uzamili Burlington ashughulikie pia chumba wakati huo huo. Mikataba mingi ya kupanga pale huanza tarehe 1 Juni, ilhali masomo huanza mwishoni mwa Agosti, na anayesubiri mpaka afike hukuta vyumba vizuri vimeshachukuliwa. Mwandikie katibu wa idara yako mwezi Machi, umuombe akuunganishe na wanafunzi wanaohitimu Mei, maana wengi wao huwa wanatafuta mtu wa kurithi chumba.