Kukwepa habari za uzinduzi wa iPhone mpaka uione video mwenyewe

Ndugu yangu, nimekuelewa: uzinduzi wa Apple wa Septemba kwa kawaida huanza saa 2 usiku kwetu, wewe uko zamu mpaka asubuhi, na hutaki kusimuliwa kabla hujaona. Una haki.

Kinachomwaga siri zaidi ni ukurasa wa mwanzo wa YouTube. Picha ya simu mpya, na rangi zake zote, unakutana nayo kabla hujabonyeza chochote. Kwa hiyo tafuta mapema kiungo cha tukio kwenye chaneli ya Apple, kihifadhi, kisha asubuhi ukifungue moja kwa moja. Usishuke kwenye maoni. Kule X (zamani Twitter) nyamazisha maneno kama “iPhone”, lakini ukurasa wa kutafuta usiuguse, maana haufichi kitu. Zima arifa za habari. WhatsApp, status za watu ziache kwanza, na yule rafiki asiyeweza kunyamaza mwambie leo.

Jihadhari sana na matangazo bandia ya moja kwa moja yanayojifanya ya Apple na kukutaka utume bitcoin (pesa ya kidijitali) urudishiwe maradufu. Huo ni wizi. Kama umeshaingiza nywila au namba za kadi, badilisha nywila na uipigie benki yako papo hapo.