Gigabaiti 69 Zilizonitia Aibu Mwanjelwa

Juzi msomaji mmoja wa Makambako aliniandikia akiuliza kama ametapeliwa, kwa kuwa flashi aliyouziwa kuwa ni ya gigabaiti 64 inaonyesha 59.6 kila anapoichomeka kwenye kompyuta. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana swali hilo mimi niliwahi kuliuliza kwa ugomvi.

Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kupiga video za harusi. Nilinunua diski ya terabaiti moja, yaani gigabaiti 1000, sokoni Mwanjelwa, Mbeya, na nilipofika nyumbani Uyole, Windows ikaniandikia gigabaiti 931. Asubuhi yake nilirudi dukani kudai gigabaiti zangu 69 mbele ya wateja. Mwenye duka hakubishana. Alivuta kikokotoo, akabonyeza 1000, akagawanya kwa 1.024 mara tatu, akanigeuzia kioo: 931.3.

Kumbe kiwandani gigabaiti moja huhesabiwa kuwa baiti 1,000,000,000, lakini Windows huijaza hadi 1,073,741,824, yaani 1024 mara tatu kwa yenyewe, kisha huiita kwa jina lilelile. Ni lumbesa: wote tunasema gunia moja la viazi, ila la mwenzako lina kilemba juu. Tangu mwaka 1998 gunia hilo kubwa lina jina lake rasmi, gibibaiti, ambalo dukani sijawahi kulisikia.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Makambako, hujaibiwa. Ungeonyeshwa 29.8 ningekwambia urudi dukani, kwa kuwa hiyo ni flashi ya 32. Piga hesabu kwanza, ndipo ugombe. Kiburi changu kilinigharimu duka ambalo hadi leo naona haya kuingia.

Wala sikukoma. Baadaye nilimwahidi mama wa bibi harusi wa Tukuyu kwamba video ya gigabaiti 18 ingemfikia kwa dakika 15, kwa kuwa intaneti yangu ilikuwa ya 20 kwa sekunde, nami nilisahau kuwa kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti, si megabaiti, na kwamba baiti moja ni biti 8. Ilichukua saa mbili, huku ukoo mzima umekaa mbele ya televisheni. Jifunzeni kutofautisha b ndogo ya biti na B kubwa ya baiti, jamani. Mama yule hadi leo akinipigia simu huanza hivi: “Baba, hizo dakika zako ni za saa ya nani?”