Mahali pa Kuumia: Kwa Wahandisi Wanaoanza Kusanifu Majengo ya Zege Dhidi ya Tetemeko

Wengi wanaoanza kazi hii huamini kwamba jengo likiongezewa nguvu kila mahali litakuwa salama. Kanuni za usanifu hazifikiri hivyo. Kwa kawaida jengo husanifiwa kwa tetemeko lenye uwezekano wa asilimia 10 wa kuzidiwa katika miaka 50, na kulizuia jengo lisiharibike hata kidogo katika mtikisiko wa aina hiyo ni gharama isiyobebeka. Kwa hiyo tunakubali liumie, ila tunachagua wenyewe mahali pa kuumia.

Mahali hapo ni ncha za boriti. Nondo za boriti zikivutika, zege hupasuka lakini sakafu hubaki juu. Nguzo za ghorofa moja zikishindwa, kila kilicho juu yake hushuka. Ndiyo maana Eurocode 8, kanuni ya Ulaya ya usanifu dhidi ya tetemeko, hudai kwamba, kwenye kiungo, yaani pale boriti na nguzo zinapokutana, jumla ya uwezo wa nguzo kuhimili mpindo izidi ile ya boriti kwa angalau asilimia 30. Basi msiongeze nondo kwenye boriti kwa nia njema bila kuzikagua nguzo upya, kwa sababu nyongeza hiyo huhamishia madhara kwenye nguzo.

Ringi, yaani vitanzi vya chuma vinavyozifunga nondo za wima za nguzo, ndizo ninazozisisitiza kuliko yote. Ncha zake zikunjwe kwa nyuzi 135 na kuzama ndani ya kiini cha zege, kwani zilizokunjwa kwa nyuzi 90 hufunguka mara ganda la nje linapobanduka, na hapo nondo za wima hubenuka. Karibu na viungo ringi zikaribiane: kwa nondo za wima za milimita 16, nafasi kati ya ringi isizidi mara nane ya kipenyo, yaani milimita 128. Katika hospitali ya Olive View, California, wakati wa tetemeko la mwaka 1971, nguzo zilizozungushiwa nondo za ond (zinazojizungusha mfululizo kama springi) ziliendelea kubeba mzigo ingawa ghorofa ya chini ilisogea sana kando, ilhali nguzo za pembeni zenye ringi za kawaida zilisagika.

Jengo hilo lilikuwa na kuta ngumu juu na fremu tupu (nguzo na boriti bila kuta) chini, mpangilio wa kuepukwa tangu mchoro wa kwanza. Epukeni pia ukuta wa matofali unaoishia katikati ya nguzo, kwa maana huifupisha na kuivutia nguvu za kukata ambazo haikusanifiwa kuzibeba.

Kabla zege halijamwagwa, pimeni nafasi za ringi wenyewe, hasa ndani ya viungo, ambako nondo husongamana na mafundi hushawishika kuziruka ringi.