Usimwite mtoto achore mbele ya wageni

Nina kibanda cha ushonaji karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu. Jumapili soko hufurika, na ndiyo siku yangu ya kazi nyingi. Jumapili moja mwaka jana alikuja mama mmoja akitaka magauni ya wasindikizaji wa bibi harusi, lakini hakujua anataka mshono gani. Nikamwambia kwa majivuno, "Subiri, binti yangu atakuchorea sasa hivi."

Binti yangu ana miaka 15. Daftari lake la hisabati lina hesabu mbele na magauni nyuma, na magauni ndiyo yanayosonga kwa kasi. Nikamtandikia karatasi ya kaki mezani na kumpa chaki ya fundi. Akachora mstari wa bega, akaufuta kwa kiganja. Akachora tena, akafuta. Mteja alikuwa amemwinamia, mimi nimesimama na tepu shingoni, na kijana ninayemfunza kazi alikuwa amesimamisha cherehani ili naye atazame. Baada ya dakika kumi karatasi ilikuwa imejaa vumbi la chaki na gauni halipo. Mteja akasema anazunguka kidogo sokoni. Hakurudi.

Usiku nikamgombeza. Nilimuuliza mbona akiwa peke yake mkono hautetemeki. Akasema, "Mama, nikiwa peke yangu nikikosea hakuna anayejua."

Sikumwelewa, kwa sababu nyumbani kuna mwingine wa kunichanganya. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, ni mtu wa mashairi na maigizo. Huyo ukimpa wiki tatu za kuandika shairi la tamasha la shule, atalala wiki tatu. Usiku wa mwisho anaamka, anatembea sebuleni akijisemesha, na asubuhi shairi liko tayari. Macho ya watu kwake ni kama mafuta ya taa kwenye moto. Basi nikawa namwambia binti yangu, "Si umwangalie mwenzako?" Neno hilo nimelijutia.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wa ushauri nasaha, na alianza na panya. Mwaka 1908 huko Marekani, watafiti Robert Yerkes na John Dodson waliwafundisha panya kuchagua kati ya kisanduku cheupe na cheusi. Panya akikosea, anapigwa shoti ya umeme. Tofauti ya visanduku ilipokuwa wazi, shoti kali iliwafanya wajifunze haraka. Ilipokuwa ngumu kuonekana, shoti kali iliwavuruga, na iliyofaa ni ya wastani. Watoto wetu si panya, najua, lakini kwa fundi jambo hili halihitaji maelezo marefu. Pindo la sketi naweza kulishona hata mteja akinipigia kelele mlangoni. Gauni ambalo bado halijawahi kuwepo siwezi kulibuni katika hali hiyo, na mimi nina miaka ishirini kwenye kazi.

Jambo la pili aliloniambia ni kwamba kati ya tabia tano kubwa ambazo wanasaikolojia hupima, inayoandamana zaidi na ubunifu ni ule udadisi wa kupokea mambo mapya. Si ucheshi wala kujiamini mbele za watu. Udadisi huo binti yangu na mpwa wangu wote wawili wanao. Wanachotofautiana ni namna hofu inavyowaingia. Mimi miaka yote hiyo nilikuwa nikipima hofu na kuiita kipaji.

Kuna watu, hasa wanaume wa rika langu, watakuambia shida ndiyo huleta akili, kwa hiyo mwache mtoto ateseke kidogo. Hapana. Tuna mchezo wetu wa jioni, umetokana na jaribio la ubunifu la mwanasaikolojia J. P. Guilford, la kutaja matumizi mengi uwezavyo ya tofali. Sisi tunatumia gunia kuukuu. Muhula mpwa wangu aliporudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, alitaja mawili tu: kubebea makaa na kufutia miguu. Karo ilipolipwa na akarudi darasani, likizo iliyofuata alifika kumi na nne, likiwemo vazi la mzimu jukwaani na mwavuli wa kuku. Gunia ni lile lile. Usiku wa mwisho kabla ya tamasha ni presha yenye mwisho. Karo haina mwisho unaoonekana, inalala na mtoto na kuamka naye.

Siku hizi binti yangu nampa mipaka badala ya watazamaji. Mita mbili za kitenge, bila zipu, hadi Ijumaa. Anapata kitu cha kushindana nacho, na mchoro ananipa mwenyewe ukiwa tayari. Mpwa wangu nampa tarehe na watu wa kumsikiliza, kisha namsimamia alale. Na kama una tabia ya kunyang'anya daftari la michoro kwa sababu ya alama za hisabati, nimeifanya hiyo pia. Nilikosa magauni na hesabu hazikupanda. Lakini mtoto akiacha kula, kulala na kuongea kwa majuma, usisubiri kipaji kirudi. Mpeleke kwa mshauri au hospitalini.

Jumapili iliyopita nilikuta karatasi imekunjwa mara nne chini ya mguu wa cherehani. Bega moja wazi, mkunjo upande wa kushoto. Nilimwonyesha mteja, akauliza ni nani amechora.

"Ni fundi wa hapa hapa," nikasema.

Binti yangu alikuwa hatua mbili kutoka pale, anapanga vifungo kwa rangi. Hakuinua kichwa.