Muulize Mzee wa Santuri: Zile nyimbo ambazo Gilbert O'Sullivan alilazimika kuzidai mahakamani

SWALI: Mzee, salaam. Marehemu baba yangu alipiga tarumbeta katika bendi ya jeshi hapa Bombo. Kila Jumapili baada ya chakula aliweka kanda ya Mzungu mmoja anayeimba taratibu kwamba amebaki peke yake. Kwenye kasha ameandika kwa mkono wake: "Gilbert, 1972". Ni nani huyu, na bado yupo? Nina jambo jingine pia. Mimi naimba kwenye harusi na kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe. Meneja mmoja wa Kampala ameniletea mkataba wa kurasa tisa, wote kwa Kiingereza, na milioni moja mkononi nikisaini mwisho wa mwezi. Ananiambia nisiwe na wasiwasi, sisi sasa ni familia. Nisaini? — *Binti wa Tarumbeta, Bombo*

JIBU: Binti yangu, umeuliza maswali mawili, lakini jibu lake ni moja.

Mwimbaji wa baba yako ni Gilbert O'Sullivan. Alizaliwa Waterford, Ireland, tarehe 1 Desemba 1946, na jina lake halisi ni Raymond. Familia yake ilihamia Swindon, Uingereza, angali mtoto. Baba yake alikuwa mchinjaji, na alifariki Raymond akiwa na miaka kama kumi na moja. Alisomea uchoraji chuoni, kisha akaenda London na kufanya kazi dukani huku akiandika nyimbo usiku. Wimbo wa baba yako unaitwa *Alone Again (Naturally)*. Mwaka 1972 ulikaa wiki sita juu kabisa ya chati ya Marekani.

Ndani yake kuna kijana aliyeachwa siku ya harusi yake, kisha anamkumbuka baba aliyekufa na mama aliyemfuata. Watu wengi wanadhani ni maisha yake mwenyewe. Sivyo. Mama yake alikuwa hai alipouandika, na yeye hakuwahi kumjua baba yake vizuri. Ni utunzi, na mimi ndiyo maana namheshimu: aliweza kukaa ndani ya msiba usio wake mpaka mtu wa Bombo akausikia kama wake. Sisi tuna Paulo Kafeero, aliyeimba kifo katika *Walumbe Zaaya* kwa kadongo kamu, mtindo wetu wa Uganda wa kusimulia kwa gitaa, na watu wakamwomba arudie. Nina Simone, mwimbaji wa Marekani, naye aliuchukua wimbo huo wa Gilbert, akabadilisha maneno, akamwimbia baba yake mwenyewe aliyekufa.

Sasa njoo kwenye hiyo "familia" ya meneja wako.

Aliyemtoa Gilbert ni meneja Gordon Mills, yule yule aliyemsimamia mwimbaji Tom Jones. Gilbert alisaini naye mwaka 1970, akiwa na miaka 23, bila mwanasheria wa kwake. Alimwamini. Alikuwa akienda nyumbani kwa Mills kumlea bintiye mdogo aitwaye Clair, wazazi wakitoka. Akamtungia mtoto huyo wimbo, *Clair*, uliofika namba moja Uingereza mwaka 1972. Ukisikiliza mwisho wake utasikia mtoto anacheka, na ni Clair mwenyewe. Mwaka uliofuata *Get Down* ukawa namba moja tena. Vibao vilitoka mfululizo, pesa zikaingia, naye hakuuliza zinakwenda wapi. Unamuulizaje hesabu mtu ambaye umembembeleza mtoto wake?

Alipouliza, waliishia mahakamani. Mwaka 1982 jaji wa London alisema mikataba ile haikuwa ya haki: kijana asiyejua biashara alisaini chini ya ushawishi wa mtu aliyemwamini, bila ushauri wa mtu huru. Nyimbo zake zikarudi mikononi mwake, pamoja na kanda zenyewe za studio. Walipokata rufaa, mahakama ilikubali kampuni ilipwe kwa kazi iliyofanya, lakini nyimbo zikabaki zake. Alishinda. Hata hivyo miaka ya kesi ilikula miaka ya kuimba, na hiyo haikurudishwa na jaji yeyote.

Kwa kuwa wimbo ulikuwa wake, mwaka 1991 aliweza kuulinda tena. Rapa Biz Markie wa Marekani alikata kipande cha *Alone Again* akakitumia bila ruhusa. Jaji wa New York alianza hukumu yake kwa amri ya Biblia: usiibe. Tangu siku hiyo kampuni za rekodi kule huomba ruhusa na kulipa kabla ya kuchukua kipande cha wimbo wa mtu.

Mimi mwaka 1989 nilirekodi nyimbo sita mjini Jinja. Nikasaini karatasi moja juu ya benchi, nikapewa bahasha, nikafurahi sana. Baada ya miaka, nikiwa kwenye taksi karibu na Mukono, nikausikia wimbo wangu redioni. Mtangazaji akataja jina la mtu mwingine. Nilishuka kabla ya kituo changu. Sikuwa na nakala ya ile karatasi, kwa hiyo sikuwa na neno la kusema.

Kwa hiyo usisaini mwisho wa mwezi. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2006 inasema wimbo ni wako tangu ulipouandika au kuurekodi, na unabaki kulindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Unaweza kuusajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili, pale Kampala ili uwe na ushahidi. Mpelekee mkataba wakili ambaye meneja hakumchagua. Tafuta wapi pameandikwa kwamba unahamisha haki, kwa miaka mingapi, na kanda za studio ni za nani. Akikasirika kwa kuwa umetaka kusomewa, umeshapata jibu bila kulipa wakili. Na chochote utakachosaini, ondoka na nakala.

Gilbert yeye anaishi kisiwa cha Jersey. Mwaka 2022, akiwa na miaka 75, alitoa albamu mpya, *Driven*. Itafute uisikilize pamoja na kanda ya baba.

SWALI: Mzee, jamaa zangu wanabisha kwamba O'Sullivan aliwahi kuwa katika bendi ya Supertramp ya Uingereza. Kweli? — *Mbishi, Mbale*

JIBU: Hapana, ila hawako mbali. Walipokuwa vijana Swindon, Gilbert alipiga ngoma katika bendi ya Rick Davies, ambaye baadaye ndiye aliyeanzisha Supertramp. Rick alimfundisha ngoma na piano pia. Rick alipooa, Gilbert ndiye aliyesimama naye kama msimamizi wa harusi.