Sikio linalosikia macho yakigeuka halina nta

Swali: Daktari, nina miaka 43. Kwa miezi minane sasa, nikitafuna au nikitembea nasikia mshindo ndani ya sikio la kushoto. Usiku kukiwa kimya nasikia hata macho yangu yakigeuka. Nikipiga chafya, au spika za harusi zikifunguliwa, chumba kinayumba. Nimesafishwa sikio mara tatu. Nifanye nini?

Jibu: Kwanza, usikubali kusafishwa mara ya nne. Nta haimfanyi mtu asikie macho yake yakigeuka. Maelezo yako yananielekeza kwenye tundu katika mfupa unaofunika mfereji wa juu wa usawa, ndani kabisa ya sikio. Sikio la ndani lina madirisha mawili. Tundu hilo huwa la tatu, na nguvu ya sauti hupenya hadi kwenye mfereji ambao kazi yake ni kuhisi mwendo wa kichwa. Ndiyo maana spika inakuyumbisha. Ugonjwa huu ni nadra, na ulielezwa na Lloyd Minor na wenzake huko Marekani mwaka 1998 tu.

Nikimshuku mtu kuwa nao, nagonga uma wa sauti, kile chuma chenye ncha mbili kinachotetemeka na kutoa mlio, na kuuweka kwenye kifundo cha mguu. Wapo wanaoshtuka: wanausikia sikioni! Baada ya hapo kinafuata kipimo cha usikivu, kisha CT (picha ya eksirei inayotengenezwa kwa kompyuta) ya mfupa wa sikio yenye vipande vyembamba. CT ya kawaida ya kichwa haitoshi. Hakuna dawa ya kuziba tundu hilo. Wengi huishi nalo kwa kukwepa kelele na kujikamua, na wanaoteseka sana hufanyiwa upasuaji wa kuziba mfereji, ambao nao unaweza kugharimu usikivu.

Kinachoniumiza ni hawa wa mafuta ya kitunguu saumu yaliyopashwa moto, mishumaa ya sikio na vijiti vya pamba. Nimeshaona ngozi ya ndani ya sikio imebabuka na kiwambo kimetoboka kwa mtu aliyeingia na sikio zima. Wengine huuziwa vidonge vya kizunguzungu na kuvimeza miezi mitatu mfululizo, wakati dawa hizo ni za siku chache. Zikizidi, huchelewesha ubongo kujifunza upya usawa. Anayetaka kukudondoshea chochote kabla hajachungulia sikio kwa otoskopu, mkatalie.

Wewe omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, na habari ya macho uitaje mapema.