Barua kwa Mwanangu: Watu Wetu wa Half Nichol Street

Mombasa

Mwanangu mpendwa,

Nimepokea ujumbe wako pamoja na picha ya cheti cha kuzaliwa ulichokikuta ndani ya sanduku la marehemu baba yako. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza ni wapi ulipo mtaa wa Half Nichol Street ulioandikwa kwenye cheti hicho, maana umeutafuta kwenye ramani ya simu hukuuona, na utawapataje watu wako ikiwa hata mahali walipoishi hapapo tena. La pili, ambalo nahisi ndilo lililokukosesha usingizi, ni kama kweli walikuwa wahalifu, kwa kuwa umeona ramani ya zamani ya London ambayo mitaa yao imepakwa rangi nyeusi na maelezo yake yanawataja wakazi kwa maneno ya kuumiza. Nitakujibu yote mawili kwa urefu, kwa sababu baba yako na mimi tuliifanya kazi hii kwa miaka mitatu kabla hajafariki, na sipendi uianze upya kana kwamba hakuna aliyekutangulia.

Aliyezaliwa mwaka 1868, huyo mwenye cheti, ni baba wa babu yake baba yako. Baba yako alikuwa kitukuu chake, nawe ni kilembwe chake. Mtaa wake ulikuwa ndani ya fungu la vichochoro lililoitwa Old Nichol, mashariki ya London, nyuma ya Shoreditch High Street na kaskazini ya barabara ambayo leo ni Bethnal Green Road. Watu wapatao 6,000 walibanana humo, familia nzima katika chumba kimoja, katika nyumba zilizojengwa ovyo na kuachwa zioze. Baraza la Kaunti ya London lilipoundwa mwaka 1889, mojawapo ya kazi zake kubwa za mwanzo ilikuwa kulibomoa fungu lote hilo, kwa nguvu ya sheria ya makazi ya wafanyakazi ya mwaka 1890. Ekari 15 hivi zilisafishwa na watu 5,719 wakaondolewa. Mahali pake pakajengwa majumba ya matofali ya Boundary Estate, na tarehe 3 Machi 1900 yakafunguliwa na mwana wa Malkia Victoria, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII. Katikati ya majumba hayo, pale Arnold Circus, kipo kilima cha mviringo chenye miti na ngazi. Kilima hicho si cha asili. Kimetengenezwa kwa kifusi cha nyumba zilizobomolewa. Mimi na baba yako tulikipanda asubuhi moja ya baridi, akavua kofia, akasimama bila kusema neno kwa muda mrefu, nami nikajua anafikiri nini.

Hapo ndipo tulipokuwa tumekosea kwa mwaka mzima. Tulidhani kwamba waliobomolewa nyumba zao ndio waliopewa nyumba mpya, kwa hiyo tuliwatafuta katika sensa ya mwaka 1901 chini ya majina ya majumba ya Boundary Estate, jina moja baada ya jingine, bila kumwona hata mmoja. Kumbe katika wale watu 5,719, hesabu inayotajwa siku zote ni kwamba 11 tu ndio waliorudi kukaa katika majumba mapya. Kodi ilikuwa juu ya uwezo wao na masharti yalikuwa makali, kwa hiyo waliopangishwa walikuwa mafundi na watu wenye mshahara wa uhakika. Waliofukuzwa walisogea hatua chache tu, wakajibana katika vyumba vya mitaa ya jirani, ambayo nayo ilizidi kujaa. Kwa hiyo, mwanangu, anza kwa kutazama pembezoni. Sisi tuliwapata Haggerston, mwendo wa miguu kutoka walipotoka, kama ambavyo mtu aliyebomolewa nyumba hatafuti mji mgeni bali hukimbilia kwa dada yake au kwa jirani aliyemzoea.

Kwetu Mombasa mtu akiulizwa yeye ni wa nani hujibu kwa kinywa: fulani bin fulani, mpaka afike kwa yule aliyeshuka jahazi. Upande wa baba yako hakuna aliyesimulia chochote. Umaskini ule uliwatia haya, na haya ikafunga midomo ya vizazi viwili. Lakini makarani waliandika, na waliandika sana. Uandikishaji wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uingereza tarehe 1 Julai 1837, na sensa yenye majina ya watu wote ipo tangu mwaka 1841, kila baada ya miaka kumi. Cheti cha kuzaliwa kinakupa jina la mama pamoja na jina la ukoo wake kabla ya kuolewa, na faharasa ya serikali iliyomo kwenye intaneti inakuwezesha kutafuta kwa jina hilo la mama tangu mwanzo wa uandikishaji. Litumie sana. Cheti cha ndoa, kinyume chake, kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, na mama hatajwi kabisa. Hali hiyo imebadilishwa Mei 2021 tu. Kila nilipokishika cheti cha namna hiyo niliwahurumia akina mama wale waliozaa na kuzika watoto, halafu siku ya harusi ya mtoto hawakupewa hata mstari mmoja.

Jihadhari pia na mambo mawili yaliyotusumbua. Boundary Street, kama jina lake linavyosema, ilikuwa mpaka kati ya parokia ya Shoreditch na ile ya Bethnal Green, kwa hiyo familia ikihama kutoka upande mmoja wa njia hadi wa pili inahama pia kutoka daftari moja hadi jingine. Usiseme mtu hayumo mpaka uwe umetafuta pande zote mbili. Jambo la pili ni jina la ukoo wetu. Lilikuja na wafumaji wa hariri waliokimbia Ufaransa kwa ajili ya dini yao, na karani wa Kiingereza aliyelisikia aliliandika kadiri sikio lake lilivyompa. Tumelikuta katika maumbo manne, na moja halifanani na letu hata kwa herufi ya kwanza.

Kilichotufungulia mlango kilikuwa jirani. Katika cheti cha ndoa cha mwaka 1889, mahali pa mashahidi, palikuwa na jina la mwanamume ambaye hakuwa wa ukoo. Baba yako alilidharau, mimi nikaling'ang'ania, kwa sababu mtu haendi kumshuhudia harusi mtu asiyemjua. Tukaacha kumtafuta babu, tukamtafuta shahidi katika sensa ya tarehe 5 Aprili 1891, ambayo ndiyo ya mwisho kuikuta mitaa ile imesimama. Shahidi alikuwa na jina rahisi, akaonekana mara moja Half Nichol Street. Tulipoteremka mistari michache katika ukurasa uleule, tukawaona watu wetu, nyumba ya pili, wakiwa na jina lililoharibiwa kabisa: yeye, mkewe, mtoto mchanga, mama yake mjane na ndugu zake wawili wadogo. Sensa hiyo iliuliza idadi ya vyumba kwa kaya yenye chini ya vyumba vitano, na mbele ya jina lake pameandikwa 1. Watu sita. Baba yako aliweka kidole juu ya tarakimu hiyo akaanza kulia.

Ukifungua kitabu hicho cha sensa usiishie kwenye mistari yetu. Mwanzoni mwa kila kitabu karani ameeleza njia aliyopita, aanzie upande gani wa mtaa na ageukie wapi, na ndani yake alama za mistari ya mshazari zinaonyesha kaya inapokwisha na nyumba inapokwisha. Weka kitabu hicho kando ya ramani ya Ordnance Survey, idara ya ramani ya serikali ya Uingereza, ya miaka ya 1890 au ile ya miaka ya 1870, zenye vipimo vikubwa kiasi cha kuonyesha kila nyumba na kila ua. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka kwenye intaneti bila malipo. Fuata nyayo za karani, mlango kwa mlango, na mtaa usiokuwepo utausoma kama anayetembea ndani yake. Nami nilifanya hivyo usiku mwingi, mpaka nikawajua majirani wao kuliko nilivyowajua wetu wa Leeds tulikoishi.

Soma pia safu ya kazi, maana humo mna kisa kizima. Mwaka 1851 baba yake na babu yetu huyu aliandikwa mfumaji wa hariri. Mwaka 1860 Uingereza iliwekeana mkataba wa biashara na Ufaransa, hariri ya Kifaransa ikaingia bila ushuru, na ufumaji wa Bethnal Green, ambao tayari ulikuwa unadhoofika, ukavunjika mgongo. Mwaka 1871 mfumaji yule ameandikwa kibarua. Mwanawe akaingia katika useremala wa samani, akitengeneza viti vya kuuziwa wafanyabiashara wa Curtain Road, na mama yake mjane ameandikwa mtengenezaji wa visanduku vya viberiti. Kazi hiyo ilifanywa chumbani, na watoto walisaidia, kwa peni mbili na kitu kwa kila visanduku 144, na gundi walijinunulia wenyewe.

Sasa nije kwenye rangi nyeusi. Ramani uliyoiona ni ya Charles Booth, mfanyabiashara wa meli aliyetumia mali yake kuchunguza umaskini wa London. Ilitolewa mwaka 1889 ikiwa na rangi saba, na nyeusi ilikuwa ya tabaka alilolieleza kuwa la chini kabisa, waovu na nusu wahalifu. Namheshimu Booth, kwa sababu bila yeye wengi wangeendelea kusema kwamba maskini ni wachache. Hata hivyo, ujue rangi ile ilipatikanaje. Katika uchunguzi wake wa kwanza alitegemea taarifa za wakaguzi wa Bodi ya Shule, maofisa waliopita nyumba kwa nyumba kuwasaka watoto wasiokwenda shule, na baadaye, katika marekebisho ya mwishoni mwa miaka ya 1890, wasaidizi wake walitembea mitaani wakiongozana na polisi. Mkazi mwenyewe hakuulizwa anajionaje. Rangi ilipakwa mtaa, haikupakwa mtu. Ndani ya mtaa mmoja mweusi walikuwemo wezi, ndiyo, na ukisoma kumbukumbu za mahakama ya Old Bailey, ambazo zinapatikana bure mpaka mwaka 1913, utawaona. Walikuwemo vilevile mwanamke anayepaka gundi usiku kucha na seremala anayebeba kiti kichwani kwenda kukiuza Jumamosi ili familia ipate kula Jumapili. Tumelitafuta jina letu katika kumbukumbu hizo kwa maumbo yake yote manne, na hatukuliona mahali pa mshtakiwa. Lakini hata tungeliona, nisingekuficha.

Na kama ni uovu, wako walioukalia wakiwa mbali na rangi nyeusi. Vyumba vile vibovu vilileta kodi nono, na baadhi ya wenye nyumba walikaa katika baraza lilelile la parokia lililotakiwa kuwalazimisha kukarabati. Kiwango cha vifo pale kilikuwa karibu mara mbili ya kile cha London kwa jumla. Majina ya wale hayakupakwa rangi yoyote.

Karatasi iliyonigusa kuliko zote ni ya sensa ya mwaka 1911, ambayo kwa mara ya kwanza imehifadhiwa ikiwa katika mwandiko wa mkuu wa kaya mwenyewe, yaani babu yetu huyu. Kwenye cheti cha ndoa mkewe aliweka alama ya msalaba kwa kuwa hakujua kuandika, naye mume alisaini kwa taabu. Miaka 22 baadaye mwandiko wake umenyooka. Mwaka huo wanawake walioolewa waliulizwa wamezaa watoto wangapi hai na wangapi wamefariki. Ameandika: 9, walio hai 5, waliokufa 4. Babu yake baba yako ni mmoja wa wale watano.

Yaliyosalia nitayataja kwa haraka. Madaftari ya shule ya miaka ya 1870 na kuendelea yana tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi na anwani, na pamoja na madaftari ya nyumba za kazi za maskini na ya makanisa utayapata katika The London Archives, Clerkenwell. Uende pia kwenye maktaba ya historia ya Tower Hamlets, Bancroft Road. Waliozikwa bila fedha wengi wamo katika makaburi ya pamoja ya Tower Hamlets Cemetery, ambayo leo ni bustani yenye miti mingi.

Kuna mmoja ambaye hatukumpata. Mwaka 1881 yumo dada mdogo wa babu yetu huyu, umri wa miaka 4, na mwaka 1891 hayumo. Baba yako aliogopa kutafuta katika vifo, akawa anasema tuangalie kwanza kama alichukuliwa na shangazi. Nimetazama vifo vya Bethnal Green mpaka mwaka 1885. Vya Shoreditch sijavigusa. Faili lote litakuja na mamako mdogo anaposafiri mwezi ujao, na ukurasa wa maumbo manne ya jina uko juu kabisa. Anza na Shoreditch, mwaka 1881, robo ya pili.

Mama yako akupendaye